Mthamini Alipozama Sakafuni

Mthamini wa benki alivua viatu mlangoni, ingawa nilimwambia asijisumbue. Nyumba yetu haikuwa na sakafu ya kuvulia viatu. Lilikuwa jamvi tupu, zege la kijivu lisilopigwa hata niru ya saruji, na yeye alikuwa amevaa soksi nyeupe.

"Hapana mama, siwezi kuingia kwa watu na viatu," alisema, akaviweka vizuri kando ya ndoo ya maji.

Tulikuwa tumemngojea kwa hofu. Mimi ni mtumishi wa wizara. Kwetu ni Tanga, lakini nilifanya kazi Dar es Salaam miaka mingi mpaka ofisi yetu ilipohamia Dodoma, nami nikahama nayo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Mbeya. Mwanzoni tulipanga Area D, katika nyumba ambayo mwenye nayo alikuwa akiingia uani wakati wowote kukagua kama tumemwaga maji. Tulipochoka tukatafuta pa kwetu, tukapata pagale Ipagala: kuta zimesimama, lenta imefungwa, jamvi limemwagwa, paa hakuna. Aliyetuuzia alikuwa mzee wa Kondoa. Alisema mji umemchosha, anarudi kwao milimani kulima na kufanya biashara ya nafaka.

Tulipaua, tukaweka milango na madirisha, tukavuta umeme, tukahamia. Watu wengi tunaojenga kwa mshahara tunahamia hivyo, na mambo ya dari na sakafu tunayaacha yaje taratibu. Hayakuja. Ndipo benki moja ikatangaza mkopo wa kumalizia nyumba, na sharti lake likawa kwamba nyumba yenyewe ithaminiwe kwanza.

Ofisini nilisikia kila aina ya maneno. Mwenzangu wa meza ya pili aliapa kwamba mthamini akishaona jamvi tupu anageukia mlangoni, maana kwa benki nyumba isiyo na sakafu si nyumba. Mwingine akasema huo ni uzushi, dada yake alipewa mkopo wakati hana hata dari. Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Nikapitia sokoni, nikanunua kapeti la plastiki lenye maua, nikatandika vyumba vyote, pakabaki wazi pale mlangoni tu. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Nilitaka mgeni akute pametandikwa, kama anavyokuta kwa watu wengine.

Kwa hiyo mthamini alipomaliza kupima kuta na kupiga picha za madirisha, akasema, "Sasa naomba tukunje makapeti," nilijisikia kama nimevuliwa kilemba mbele za watu.

"Chini hapajaisha," nilimwambia. "Ni jamvi tu."

"Najua mama. Nimeona pale mlangoni."

"Je, inakubalika? Tuambie tu ukweli."

Alikuwa kijana kuliko mume wangu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa swali hilo na watu wenye wasiwasi. Alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya zege.

"Sakafu kutokuwa na marumaru si kosa," alisema. "Itapunguza thamani, hilo siwezi kuficha, kwa sababu benki ikiuza nyumba hii kesho, mnunuzi atahesabu gharama ya kumalizia. Lakini hainikatazi kuithamini. Mimi naangalia kama nyumba inakalika, kama ni imara, na kama inaweza kuuzika. Jamvi zuri lisilo na urembo ni bora kuliko marumaru juu ya jamvi bovu."

Mume wangu alinitazama na kutabasamu. Sebuleni mthamini akaridhika. Chumbani kwetu akaridhika. Jikoni akasema tuangalie mteremko wa maji. Kilichobaki kilikuwa chumba cha nyuma, cha binti yetu.

Binti yetu alikuwa shuleni. Chumba chake alikipenda kuliko sisi tulivyokipenda chetu. Alibandika ukutani michoro yake ya twiga na ndege, na mara nyingi alasiri nilimsikia akiruka kamba humo ndani, kwa sababu nje kuna upepo na vumbi. Alituambia chumba chake kina mdundo mzuri. Tukacheka, tukasema tumepata mpiga ngoma.

Mume wangu na mthamini walisogeza kitanda ukutani, wakakunja kapeti. Katikati ya chumba palikuwa na ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, na haukwenda moja kwa moja kama nyufa nyingine za zege. Ulizunguka. Mthamini aliuangalia kwa muda. Kisha akapiga kisigino chini, upande wa mlango. Akasogea hatua chache, akapiga tena. Mlio ulibadilika. Hata mimi niliyekuwa nimesimama pale mlangoni niliusikia.

"Mwalimu, umesikia?"

"Nimesikia," alisema mume wangu.

"Toka kwanza. Mama, na wewe rudi nyuma."

Hakupandisha sauti. Mume wangu alikuja nilipo. Mthamini naye akageuka atufuate, na hapo sakafu ikaachia.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu mlio ule. Wanadhani ulikuwa mkubwa. Ulikuwa mdogo, kama sahani inayopasuka ndani ya beseni la maji. Mtu aliyekuwa mbele yangu akawa mfupi. Alizama mpaka kwapani, mikono yake miwili imetanuka juu ya zege lililobaki, kalamu yake bado ipo vidoleni. Vumbi likapanda, na harufu ya ardhi ya zamani, kavu, ya baridi.

Hakupiga kelele. Alimtazama mume wangu akasema taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto, "Mwalimu, miguu yangu haigusi kitu."

Mume wangu alilala kifudifudi, akaniambia nimkamate miguu, nikamkamata. Alikiburuta kitanda cha mtoto mpaka mbao zake zikalala juu ya shimo, mthamini akashika ubao kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono yote miwili. Nilivua khanga yangu, mume wangu akaipitisha chini ya makwapa yake. Tulivuta. Kipande kingine cha zege kikamomonyoka, kikaanguka ndani, na sote watatu tukanyamaza tukisubiri kukisikia kikifika. Kilichelewa. Kilichelewa mpaka nikadhani masikio yangu yameziba.

Alipotoka alitambaa hadi ukumbini, akakaa ameegemea ukuta. Mguu mmoja ulikuwa unatoka damu kuanzia goti, na soksi moja ilikuwa imebaki kule chini. Nilimletea maji. Hakuyanywa. Alikuwa anatazama, kupitia mlango ulioachwa wazi, michoro ya twiga ukutani.

"Nani analala humo?" aliuliza.

Mume wangu ndiye aliyejibu.

"Mtoto."

Mthamini alifunika uso kwa viganja vyake vilivyojaa vumbi.

Majirani walikuja, wakamwita dereva wa bajaji, wakampeleka zahanati. Mume wangu alikwenda naye. Mimi nilibaki peke yangu ndani ya nyumba, nikachukua shuka za binti yangu zilizokuwa zimedondoka, nikaanza kuzikunja. Nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena. Jirani mmoja alinikuta hivyo, akaninyang'anya shuka taratibu, akanikalisha uani.

Binti yangu aliporudi shuleni nilimkumbatia mpaka akalalamika namuumiza. Tulimweleza kwa uangalifu, tukichagua maneno. Alisimama mlangoni mwa chumba chake, tumemshika mikono, akatazama shimo.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nalala juu ya hilo?"

"Ndiyo, mama," nilimjibu.

"Na nilikuwa naruka kamba?"

Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama twiga wake wanaweza kubanduliwa bila kuchanika. Mume wangu akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akiwa ameinama, ameshika magoti yake kama mtu aliyekimbia mbali.

Kesho yake alikuja mkaguzi wa majengo wa jiji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti na tochi kubwa, asiyependa maneno mengi. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye jiwe, akaiteremsha shimoni. Kamba iliisha jiwe likiwa bado linaning'inia. Akamulika kingo za zege, akatuonyesha jinsi jamvi lilivyokuwa jembamba na jinsi lisivyokuwa na waya wowote ndani yake. Chini ya zege palikuwa na mabaki ya miti iliyolazwa kukingama mdomo wa shimo, na juu ya miti vipande vya bati na udongo. Aliuvunja mti mmoja kwa vidole. Mchwa walikuwa wameula, limebaki ganda.

"Hili ni shimo la choo cha zamani," alisema. "Halikujazwa. Lilifunikwa tu, na nyumba ikajengwa juu."

Nilimuuliza lile swali langu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndilo pekee lililokuwa kichwani mwangu wiki nzima. Nilimuuliza kama sakafu ambayo haijaisha inakubalika kwenye ukaguzi.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza bei ya nyanya msibani. Kisha uso wake ukalegea.

"Mimi sikagui urembo," alisema. "Nakagua kama inabeba watu, kama haipandishi unyevu, kama haina mabonde ya kumwangusha mtu. Zege tupu likiwa imara napitisha. Nimeingia nyumba zinazong'aa marumaru, chini yake hamna kitu. Yenu ilikuwa wazi, ndiyo maana huyo mtu aliona ufa. Kama mngekuwa mmeshaweka marumaru, ufa usingeonekana mpaka siku yake."

Alitukataza kutumia chumba kile na kile kilichopakana nacho. Akapita na nyundo nyumba nzima, akigonga, akisikiliza. Tulimfuata nyuma tukiwa tumeshikana mikono kama watoto. Kwingine kote kulijibu sauti ya kushiba.

Jumamosi mimi na mume wangu tulipanda basi kwenda Kondoa. Kichwani nilikuwa nimejiandaa kukana kwa yule mzee aliyetuuzia. Nilijua atasema hajui, atasema fundi ndiye aliyejua, ataapa. Nilikuwa na majibu yangu yote.

Tulimkuta uani kwake, anaanika mbaazi juu ya turubai. Alifurahi kutuona. Alikuja mpaka getini, akatupokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee," tulisema.

"Marahaba, marahaba, karibuni sana. Habari za Dodoma? Nyumba yangu inaendeleaje?"

Mume wangu hakukaa kwenye kiti alichopewa. "Mzee, tumekuja kukuuliza kitu kimoja. Chumba cha nyuma, chini yake kulikuwa na nini?"

"Chumba cha nyuma..." Alikuna ndevu zake. Kisha uso ukamng'aa, kama mtu aliyekumbuka jina lililompotea. "Ah! Lile shimo la choo? Bado lipo?"

Majibu yangu yote yalipotea. Yeye akaendelea, bila wasiwasi, akichambua mbaazi zake na kutueleza kama anayesimulia habari za shamba: kwamba kabla viwanja havijapimwa alikuwa na kijumba chake cha udongo pale pale, na choo kilikuwa nyuma. Kwamba walipokuja kupima, mipaka ilisogea, na ramani ya nyumba mpya ikaangukia juu ya choo. Fundi alimshauri walaze miti na mabati, wafukie, na udongo ungejishindilia wenyewe kwa mvua.

"Na hukutuambia?" mume wangu aliuliza.

"Hamkuniuliza, mwalimu."

Aliyasema hayo bila ujeuri wowote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ujeuri wenyewe. Nilisema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Mzee, binti yetu alikuwa analala hapo. Sakafu imefunguka. Mtu amezama."

Aliacha kuchambua mbaazi.

"Binti? Mkubwa?"

"Yuko darasa la nne."

Alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale juu ya turubai, katikati ya mbaazi zake. "Innalillahi," alisema. "Yu hai?"

"Yu hai. Alikuwa shule."

"Mimi nilidhani mtaweka stoo. Chumba kidogo kile. Nilidhani mtaweka magunia."

Mkewe alitoka ndani na sinia ya chai. Alipoona tulivyosimama akamuuliza mumewe kuna nini, naye akamjibu kwa Kirangi, lugha yao, maneno machache. Yule mama aliweka sinia chini. Alianza kusema kwa Kirangi, kwanza kwa sauti ya chini, halafu kwa sauti iliyowatoa majirani nje, na mzee hakuinua kichwa. Sikuelewa neno hata moja. Kisha akanigeukia, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye unga.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Nilimwambia awaambie. Siku ile mnakuja na wakili kusaini, asubuhi, nilimwambia. Akasema mtakimbia."

Kumbe walijadiliana. Nilikuwa nimekuja nikiwaza juu ya usahaulifu, au uzembe wa fundi, na sasa nikaiona asubuhi ile: wao wawili wanakunywa chai, shimo limewekwa katikati ya mazungumzo yao, na mmoja anaamua tusiambiwe. Nilitaka kuuchomoa mkono wangu. Sikuuchomoa, maana yule mama alikuwa analia, na yeye ndiye pekee aliyekuwa amejaribu.

Mume wangu alisema jambo moja tu kabla hatujaondoka. "Mzee, ungetuambia, tungenunua vilevile. Tungelijaza tu."

Sikutarajia kumwona tena. Lakini wiki iliyofuata, asubuhi, nilifungua mlango nikamkuta amesimama nje na wanawe wawili, watu wazima, wameshika sululu na makoleo. Alikuwa amesafiri na basi la alfajiri. Hakuingia ndani.

"Nimekuja kulijaza," alisema.

Mume wangu alimpita bila kumsalimia, akaenda kazini. Mimi niliwaonyesha shimo. Mkaguzi alikuwa ametuagiza tusitupe kifusi juu juu: kila kilichooza kitolewe, shimo lijazwe mawe na kokoto kwa tabaka, kila tabaka lishindiliwe, kisha jamvi jipya la chumba kizima limwagwe juu ya wavu wa chuma. Wanawe walifanya kazi kwa zamu. Mzee mwenyewe aliketi ukingoni akipitisha ndoo, na kila walipotoa mti ulioliwa alikuwa anaushika, anauangalia, anauweka kando. Walilala kwa jamaa yao mjini na kurudi kila asubuhi mpaka kazi ilipoisha.

Mume wangu hakuwa na neno naye siku zote hizo. Siku ya kumwaga zege alirudi mapema, akavua shati, akabeba ndoo pamoja nao. Walipomaliza nilileta chai. Mzee alikuwa amekaa mbali, kwenye tofali, peke yake. Mume wangu alijaza kikombe, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akampelekea.

"Kunywa mzee," alisema. Ni hayo tu. Hawakukumbatiana, na mpaka leo mume wangu hajawahi kumpigia simu.

Mkaguzi alirudi zege lilipokauka, akagonga, akapitisha. Mthamini naye alirudi, mguu wake umepona, akaandika nyumba jinsi ilivyo: imara, inakalika, sakafu haijamalizika. Thamani ikashuka kidogo kwa ajili hiyo, kama alivyotueleza siku ya kwanza, na mkopo ukatoka. Tuliweka dari. Tuliweka marumaru sebuleni na jikoni. Binti yetu alipewa chumba chetu chenye dirisha la mbele, na twiga wake wamehamia huko, mmoja amechanika sikio.

Chumba cha nyuma tunalala sisi. Tuliamua hivyo bila kujadiliana sana. Sakafu yake bado ni zege tupu. Fundi wa marumaru ameshakuja mara kadhaa kuuliza kama apime, na kila mara mume wangu anamwambia hapana, humo tuache kwanza, tunataka kupaona.